Baba, Ulijua Nyimbo za Kila Mtu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini hukunilea nianze kuzungumza na mkubwa bila kumwamkia. Mwezi ujao utatimia mwaka tangu tulipokuzika kule juu, kando ya shamba lako la karoti, na kuna jambo sijakwambia. Nilingoja hasira zipungue kwanza. Zimepungua, hazijaisha.

Nianze na mazuri, maana ni mengi. Kwaya yetu ya mlimani ilikuwa na watu ishirini na wawili, karibu wote wakulima wa mboga, na wewe mwalimu wake ulikuwa na sheria moja ya safari: mgeni aanze na wimbo wa mwenyeji, ndipo atoe wake. Tukialikwa mahali, ulitafuta kwanza mtu wa huko akufundishe wimbo wao mmoja. Uliandika noti kwa penseli kwenye daftari la shule, kisha ukatukalisha mpaka tuushike. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona unatuchosha bure. Nilitaka tuimbe zetu, tuonekane.

Nilibadili mawazo kwenye mashamba ya miwa. Wafanyakazi wengi wa kule walikuwa Wangoni, kwa hiyo ulikuwa umemwomba mteja wako mmoja wa mboga pale soko la Mafiga akufundishe wimbo wa kwao. Tukajipanga mistari, tukauimba kwa nguvu zote. Watu wakaanza kucheka. Mpishi mmoja mzee, Mwislamu wa Songea, akakusogelea akasema, "Mwalimu, hicho Kingoni chenu kimekulia mlimani." Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ukamwomba akae akusahihishe, naye akaita wenzake, na baada ya muda kidogo sikujua tena nani ni kwaya na nani ni mwenyeji. Njia nzima ya kurudi uliimba peke yako kwenye kiti cha mbele. Nilikupenda sana siku ile.

Kisha tukaenda Ugogo. Tuliipita Dumila, tukashika barabara ya Dodoma mpaka milima ikaisha, na mimi nikakosa pa kuegemeza macho. Bibi mmoja alikufundisha wimbo wa mavuno, na humo kulikuwa na sauti moja iliyokataa kukaa kwenye do wala kwenye re. Ukaandika, ukafuta, ukaandika tena. Bibi akasema kitu kwa Kigogo, na mjukuu wake aliyekuwa na marimba mkononi akatafsiri: "Anasema hiyo haiandikwi, mwalimu. Ifuate tu." Ukaweka penseli chini. Baadaye ukaniambia, "Kijana yule ana sikio." Kwa hiyo usisahau, baba, kwamba Yona ulimsifu wewe kabla yangu.

Miaka miwili baadaye wazee wake walipokuja kuniposa, ulikataa. Ulisema kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwao Wagogo ni wa ukoo wa baba. "Wakishaleta ng'ombe, wajukuu wameondoka," ulisema, na hukutaka kusikia zaidi. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno zito, alikubali. Mama alikubali. Harusi ikafungwa parokiani, kwaya yako mwenyewe ikaimba, na wewe ulikuwa shambani unapalilia. Tangu siku hiyo Yona akawa "yule wa Ugogo." Ulijifunza nyimbo za Wangoni, za Wagogo, hata kasida ya wazee wa Kisaki, ukashindwa kulitamka jina la mume wangu.

Nisikuonee. Kila msimu uliteremsha gunia la karoti, likaletwa na basi mpaka hapa Dumila tunapoishi. Halikuwa na barua wala salamu. Nilikupigia simu kukushukuru na kukualika, nawe ulijibu vilevile kila mara: "Kazi za shamba zikiisha." Kazi za shamba haziishi, na wewe ulilijua hilo kuliko sisi sote. Karoti tulizila, watoto walizipenda. Mimi nilikuwa namtaka aliyezipanda.

Sasa nikwambie la siku ya mazishi. Wakwe zangu walikuja. Gari liliwafikisha pale barabara inapoishia, wakapanda kwa miguu zaidi ya saa mbili, watu wa tambarare wasioujua mlima, mama mkwe akiwa mbele na fimbo. Wazee wa kwaya waliwatazama tu, maana msimamo wako waliujua. Walipofika ukingoni mwa uwanja walisimama wakashusha pumzi, kisha kabla ya salamu wakaimba kwa Kiluguru. Wakaimba ule wimbo wetu wa kumkaribisha mgeni, na makofi yake, kwenye msiba. Watu wakaacha kulia. Mjomba akainuka haraka akaenda kumwambia mama mkwe kwa upole, "Mama, huo si wa msiba. Huo ni wa kumpokea mgeni."

"Tunajua," mama mkwe akajibu. "Ndio tunaoujua. Yona alitufundisha mwaka ule walipooana, ili siku mwalimu akija kwetu tumpokee kwa wimbo wa kwao. Tumengoja miaka saba. Tukasema basi, tumletee."

Mimi sikujua, baba. Yona aliushika kwangu, nikiimba huku naosha vyombo, akaupeleka kijijini kwao bila kuniambia, maana aliogopa nikijua nitakulazimisha uje. Mjomba akampokea mama mkwe fimbo. Kisha mmoja wa wazee wa kwaya akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, wakauimba pamoja mpaka mwisho.

Siku tatu nilikuwa sijalia. Nikalia hapo. Walionishika walidhani nakulilia wewe, na kweli nilikuwa nakulilia, lakini pia nilikuwa nimekukasirikia kuliko siku ya harusi. Ulikuwa chumbani, dirisha liko wazi, hatua kumi tu kutoka walipokuwa wamesimama. Uwanja mzima ulisikia unavyopokelewa, na wewe mwenye masikio kuliko wote ndiye hukusikia.

Ulipaswa kuja, baba. Hata mara moja.

Lala salama kule juu. Mama hajambo, shamba tunalilima.

Ni mimi binti yako,
mke wa Yona.