Asubuhi Bonde la Usevya Liliponyamaza

Shikamoo mama,

Hiyo alama ya kidole kwenye kona ni tope la majaruba ya mpunga ya Usevya, naandika hata sijanawa.

Leo tumehesabu korongo taji, wale wenye manyoya ya dhahabu kichwani, tukadirie wamebaki wangapi bondeni. Siku hizi ni adimu. Kila mmoja wetu anakaa kwenye jaruba alilopangiwa, wote saa ileile, na kelele ni marufuku: korongo wakishtuka wanahamia kwa jirani, naye anawahesabu tena.

Sasa fikiria, mpunga unakaribia kuiva, kwelea kwelea wametua kama wingu, na watu waliozoea kupiga madebe toka alfajiri wamenyamaza bonde zima! Mwenyeji wangu, Mama Masanja, alikalia kombeo lake ili mkono usije ukamponyoka. Ndege wanamlia mpunga huku anaona, akawanong'oneza, "Kuleni tu. Kesho mtanitambua."

Ndipo korongo wakaja, wawili wakubwa, na nyuma yao kinda anakanyaga maji kwa madaha. Mama Masanja alinibana mkono mpaka ukauma.

Filimbi ya kumaliza ilipolia, bonde lote likalipuka kwa madebe.

"Wangapi?" akaniuliza.

"Watatu. Mwaka jana hapa kwako walikuwa wawili."

Akayatazama masuke yake matupu, akacheka. "Basi huyo mdogo nimemlea mimi."

Nakukumbatia mama, kwa mikono hii hii ya tope. Ukienda kufukuza ndege asubuhi, vaa sweta.

Mwanao,
Neema