Dada, Chagua Oxkintok

Mtaa wa Makaburini,
Pomuch, Campeche, Meksiko.
3 Oktoba 2023

Mpendwa Dada Landy,

Pokea kwanza salamu, maana maneno yatakayofuata yana pilipili. U hali gani huko Houston? Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia unashuka ngazi za hoteli kinyumenyume kama kaa, nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Shemeji Rufino ameacha sigara au bado anajificha bafuni? Mpwa wangu Irvin hajambo na watoto wake? Huku sisi wazima. Mama anakula, ananuna, anatarizi; kwa hiyo ni mzima. Mimi presha yangu hupanda na kushuka kwa kufuata gazeti nililosoma.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hulia, mimi hufoka, na mtandao hukatika pale pale mmoja wetu anapotaka kusema la maana. Karatasi haikatiki. Nampa Yesenia, binti wa Bi Socorro, anayerudi huko wiki hii, akukabidhi mkononi. Isome umekaa.

Naanza na ulichoniuliza. Umeniandikia kwamba Irvin amekununulia safari ya meli kwa kutimiza miaka sitini, kwamba mtatia nanga bandari ya Progreso mwisho wa mwezi huu, kutwa moja tu, na kwamba melini wamewapa matembezi manne ya magofu mchague moja: Chichén Itzá, Uxmal, Dzibilchaltún au Oxkintok. Ukasema, wewe ndiwe mwalimu wa historia, nichagulie. Ujumbe mrefu, Dada, na neno Pomuch halimo. Neno Mama halimo. Niliusoma tena na tena nikidhani nimeruka mstari.

Haya, mwalimu anajibu. Ukienda Chichén utakaa zaidi ndani ya basi kuliko juu ya miguu yako. Utapiga makofi mbele ya piramidi, mwangwi utalia kama ndege, utauziwa kinyago kilichochongwa na mashine, utarudi umechoka ukidhani umeona kitu. Uxmal ni mzuri kuliko yote, hapo sibishani na mtu, na asiyesisimka mbele ya kuta zile hana ngozi. Lakini Uxmal ni ngazi na vilima, na wewe goti umelitaja mwenyewe. Dzibilchaltún ni karibu na bandari, panawafaa waoga. Mtu anashuka, anapiga picha, anawahi chakula cha mchana melini.

Kikaratasi cha matembezi ulichonitumia nimekisoma chote, hata maandishi madogo ya chini. Kinasema wajenzi wa miji hii walitoweka kwa namna isiyoeleweka hadi leo. Walitoweka! Wewe unatandika vitanda huko Houston, mimi nasahihisha madaftari hapa Pomuch, Mama anamtukana jirani kwa Kimaya kila asubuhi na jirani anamjibu. Tumetowekea wapi? Mtu akilala kwenye kitanda ulichomtandikia wewe, kisha akaandika kwamba umetoweka, kilichoharibika ni macho yake, historia haina kosa.

Sasa Oxkintok, na hapa nakuomba utulie. Oxkintok penyewe ni padogo, kando ya Maxcanú, mawe na ng'ombe na njia moja ya giza ndani ya jengo. Hakuna mtalii aliyewahi kupaulizia. Kwa hiyo kampuni inayoendesha mabasi ya bandarini imepatia kiungo: magofu yakiisha, basi linashuka hadi Pomuch, linasimama makaburini, na watalii wanaingia na kamera kututazama tukisafisha mifupa ya watu wetu. Ndicho walichokiandika chini ya picha ya gofu, kama kitindamlo.

Nilipopata habari hizi mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe Progreso. Nikamkuta kijana mmoja kwenye meza ya kuuzia matembezi, kavaa manyoya ya kasuku kichwani, jasho linamtoka. Nikamwuliza nani kawapa ruhusa kuuza makaburi yetu.

Akasema, "Mzee, sisi hatuuzi makaburi. Tunauza usafiri."

"Na mama yako ukimzika, nije na basi?"

"Mama yangu yuko hai, na anauza mikate pale nje. Nunua mmoja, hasira ipungue."

Nilinunua. Ulikuwa mkate mbaya, haufikii hata makombo ya mikate yetu ya Pomuch. Lakini nilirudi nimeamua. Niliandika magazetini, nikapita nyumba kwa nyumba, na mtaa mzima ukakubali: siku basi la kwanza litakapokuja tutaufunga mtaa wa makaburini kwa kamba na baiskeli za magurudumu matatu, asipite mgeni. Kila mtu alishangilia. Mimi nilibebwa nusu juu, nikashushwa walipokumbuka uzito wangu.

Basi la kwanza ni siku ya meli yako. Ni la meli yako. Ujumbe wako ulinifikia keshoye.

Ungekuwa mtu mwingine ningekwambia nenda Uxmal, Mungu akubariki. Lakini kuna jambo ambalo nadhani hulijui, au unalijua kwa upande mmoja. Nadhani unaamini Baba tulishamtoa. Ukihesabu kwa desturi, ni kweli: miaka mitatu kaburini, kisha mifupa inatolewa, inasafishwa, inawekwa sandukuni juu ya kitambaa chenye jina lake. Umehesabu, ukaona imepita bila wewe, kama mazishi yalivyopita bila wewe, ukasema afadhali nikatazame mawe ya watu wengine. Nimekosea? Kama nimekosea nitukane.

Baba hajatoka, Dada. Yuko pale pale tulipomlaza. Mwaka jana nilikodi mfunguaji wa kaburi, nikanunua brashi na sanduku la mbao, nikamwambia Mama twende. Hakuinua macho kwenye sindano yake.

"Kichwa ni cha Landy," akasema.

"Mama, Landy hana makaratasi ya kusafiri. Utangoja mpaka lini?"

"Mpaka ayapate. Kwani mumeo huyo?"

"Watu wanasema Baba anazurura mitaani kwa sababu hatujamsafisha. Bi Socorro anaapa alimwona kona ya kanisa."

"Azurure. Alikuwa mtembezi tangu ujana wake, na kona ile ile."

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Unajua utaratibu: miguu kwanza, mikono, mbavu, na kichwa mwisho, juu ya vyote, na anayekiweka ni mzaliwa wa kwanza. Mama hajawahi kusema kwamba hukuja mazishini. Anajua ungevuka mpaka bila makaratasi, usingerudi kwa wanao. Kwake yeye hukukosa kitu. Umechelewa tu, na wanaochelewa husubiriwa. Kitambaa amekitarizi, amekifumua, amekitarizi tena. Maua ya kwanza anasema yalikuwa ya mtu aliyekufa jana.

Mwaka huu hakuna kungoja. Kaburi lile si letu, unakumbuka, tuliazimwa na jamaa za Bi Socorro, na kaka yake Don Gaspar anaumwa sana. Bi Socorro alikuja juzi, akazunguka maneno mpaka yakamwishia.

"Mwalimu, simwombei kaka yangu afe haraka."

"Najua, Bi Socorro."

"Lakini na yeye hataki kulala mlangoni mwa kaburi lake."

Kabla ya siku ya wafu Baba lazima atoke. Kama hupo, kichwa nitakiweka mimi, na Mama atasimama pembeni akitazama mikono isiyokuwa yako. Au atakataa kuja kabisa. Namjua, na wewe unamjua.

Nilifikiri njia nyingine kabla ya hii. Nije Progreso na gari la binamu Wilberth, nikuchukue, nikurudishe jioni. Nimeyapima. Meli husubiri mabasi yake, haimsubiri abiria aliyejiendea. Barabara ya Campeche unaifahamu: lori la nguruwe likipinduka Calkiní, siku imekwisha. Makaratasi yako yametoka juzi, hujawahi kuyatumia mpakani, na usiku wa kwanza wa uhuru wako nikuache gatini ukiitazama meli ikienda na dawa zako za goti na wajukuu zako? Mimi hupenda kubishana na dunia nzima, lakini sichezi kamari na dada yangu. Chombo pekee kitakachokufikisha Pomuch na kukurudisha salama ni basi lile ninalolifungia njia.

Kwa hiyo Jumapili nilisimama mbele ya mtaa, mimi huyu huyu, kuomba basi lipite.

Sijawahi kuzomewa vizuri hivyo. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwepo, na walikuwa wamejifunza. Mmoja akauliza kama kamba ya mapambano sasa nitaanikia nguo. Mwingine, fundi seremala Candelario, akasema, "Mwalimu hakubali watalii, ila watalii wa kwao." Watu wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Nikasema wewe si mtalii. Candelario akajibu, "Anakuja na meli, anateremka na basi, ana kamera kwenye simu. Sisi tutamtofautishaje, kwa harufu?"

Nilitaka kuwaambia kwamba alikuwa na haki; ndilo lililoniuma zaidi. Ukifungua njia kwa mmoja kwa sababu ni dada wa mwalimu, umeshafungua kwa wote, na yule kijana wa manyoya ameshinda. Nikakaa chini.

Bi Socorro ndiye aliyesimama, yule yule anayelihitaji kaburi. Akasema makaburini hakuna wageni na wenyeji. Kuna wenye wafu na wasio nao. Mwenye mfu wake apite, hata akishuka kutoka mwezini. Asiye naye abaki kwenye kiti chake atazame dirishani. Kamba iwe kipimo. Candelario akasema, "Hiyo nakubali, kwa sababu haikutoka kwa mwalimu." Ikapita.

Dereva wa basi nimeshazungumza naye. Anaitwa Nazario, ni mtu wa Tenabo, ana mama na mtoto mchanga waliolala makaburini kule kwao. Nilimwuliza atafanya nini akiona kamba. Akasema, "Mimi nimeajiriwa kuendesha, mwalimu. Sikuajiriwa kugeuza. Nitazima injini nilalamikie joto." Muda wote wa kituo utakuwa wako. Mfunguaji atakuwa tayari, mifupa mingine tutakuwa tumeshaisafisha. Atabaki yeye na wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba halitaharibika jambo. Kampuni inaweza kufuta matembezi ikisikia habari. Polisi wanaweza kuja na kukata kamba kabla hujafika, na hapo nitakuwa na kazi nyingine mikononi. Watalii wenzako watakuchukia. Irvin atasema nimekuharibia zawadi, na atakuwa amesema kweli. Yote haya yananikosesha usingizi, lakini sitakuficha.

Mama sijamwambia. Mtu wa umri wake ukimpa tumaini kisha ukamnyang'anya, huna cha kumlipa. Ila mtaa mzima unajua, na mtaa wetu haujawahi kuweka siri hata ya mtu bubu. Jana aliniuliza kama melini wanamruhusu mtu kupanda na mkate. Nikasema sijui, kwa nini? Akasema ameuliza tu. Leo ameagiza unga.

Kwa hiyo nakungoja. Ukipata barua hii nitumie neno moja, jina la gofu, basi. Ukiandika Chichén nitakuelewa. Nitakasirika, nitapiga meza, nitaandika makala kumhusu mtu mwingine nikimaanisha wewe, na baada ya mwezi nitakupigia simu tutazungumza habari za hali ya hewa. Ukiandika Oxkintok, nitakwenda chumbani kwa Mama na kukaa kitandani kwake kabla sijafungua mdomo.

Msalimie shemeji Rufino, umwambie nina ugomvi naye kuhusu kura ila utangoja. Nibusie wajukuu, hasa yule mdogo aliyeniita "mzee wa kelele" kwenye simu. Irvin mpe asante yangu, maana bila kujua amelileta jina la mama yake kwenye orodha ya wasafiri baada ya miaka yote hii. Bi Socorro anakusalimu, Don Gaspar pia kutoka kitandani, na anasema usiwe na haraka sana, naye hana. Mungu na mizimu wenye msitu wakutangulie baharini, goti lisikusumbue, na upepo wa kaskazini ukae kwao mpaka ushuke melini.

Jambo la mwisho. Basi likisimama, usimngoje kiongozi wa matembezi aeleze. Simama, washike mikono wajukuu, teremka. Kwenye kamba utamkuta Candelario, na hatakupisha kwa sababu yangu. Atakuuliza kwa Kimaya, "Una nani humu ndani?" Usimtaje mwalimu, usimtaje Mama. Taja jina la Baba, lote, kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani.

Ndugu yako akupendaye, atakayekuwa ng'ambo ya kamba,
Gualberto