Tochi Mpya Ndani ya Makontena Matatu

Alhamisi, saa moja jioni. Chaani.

Mvua imenyesha asubuhi, rasharasha tu, kisha jua likatoka kali hadi madimbwi ya yadini yakakauka kabla ya chai ya saa nne. Nimechoka, nywele zangu zinanuka kutu, na nina furaha ambayo sina hakika kama naistahili.

Nilikuwa nimeahidi hapa kwamba nikishaitumia tochi yangu mpya wiki mbili, nitaandika maoni yangu. Wiki mbili zimeisha leo. Basi nianze na tochi, maana makosa yangu yote ya leo yameanzia kwake.

Ni ndogo, urefu wake ni wa kidole changu cha kati. Ina kibanio cha kuishika mfukoni, na unaichaji kwa waya ule ule wa simu, kwa hiyo hakuna kutafuta betri dukani. Ina mwanga wa viwango vitatu: wa chini wa kusomea, wa kati wa kutembelea, na wa juu, ambao ukimmulika nao mtu usoni urafiki umekwisha. Kitakoni ina sumaku. Hiyo sumaku ndiyo iliyonimaliza pale dukani.

Umeme ulipopotea tukiwa mezani, niliibandika kwenye chuma cha dirisha, tukamaliza wali wetu tukionana vizuri. Binti yangu Mwende, ambaye ana miaka minane, aliingia nayo chini ya kitanda kutafuta hereni yake. Akatoka na hereni, kalamu mbili, na kijiko tulichokitafuta tangu Pasaka. Nimeiangusha bafuni kwenye sakafu ya saruji mara mbili. Imechubuka kidogo, lakini inawaka.

Kasoro yake ni kitufe. Kimelegea mno, kikiguswa tu kinawaka. Jumapili ilijiwasha ndani ya mkoba wangu kanisani, mkoba ukang'aa katikati ya maombi, na mama aliyekaa nyuma yangu akasema amina kwa sauti kubwa.

Hayo ndiyo ningeyaandika, nikatia nukta, nikalala, kama leo isingetokea.

Sasa niseme ukweli. Sikuinunua kwa ajili ya umeme kupotea wala hereni za Mwende. Niliinunua kwa sababu naogopa giza.

Mtu mzima mimi, mama wa mtoto, naogopa giza. Mwende halijui jambo hili, na kazini nilikuwa sijamwambia yeyote.

Miaka minne nilikuwa karani wa kuhesabu magunia katika ghala la majani ya chai hapa Changamwe. Sasa najifunza kazi ya kukagua makontena kabla ya chai kupakiwa. Chai ni kitu cha deko. Inanyonya unyevu, inanyonya harufu ya samaki, ya ngozi, ya chochote kilichobebwa humo safari iliyopita. Na kontena likiwa na tundu dogo tu, maji yakapenya njiani, mnunuzi atafungua mlango akute ukungu. Kwa hiyo kabla ya kupakia, mkaguzi huingia ndani ya kontena tupu, mwenzake akafunga milango yote miwili kwa nje. Unasimama kwenye giza mpaka macho yazoee, kisha unatafuta mwanga. Ukiona nukta ya mwanga, hilo ni tundu. Unalizungushia chaki, unagonga, unafunguliwa. Usipoona kitu, kontena ni zima.

Wiki mbili zote aliyekuwa akiingia ni mwenzangu, Da Mwanaisha wa Jomvu Kuu, ambaye kazi hii ameifanya miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nafunga milango na kujaza fomu. Leo ilikuwa zamu yangu kuingia. Na Bwana Kahindi, msimamizi wetu, alikuwa ameshaniambia kwamba nikikagua vizuri makontena matatu ya leo, atanipa muhuri wangu mwenyewe. Ukipewa muhuri, wewe si mwanafunzi tena. Fomu inakwenda kwa jina lako.

Nimeutamani huo muhuri mpaka nimebadilisha sahihi yangu mara tatu ili ipendeze pembeni yake.

Kontena la kwanza. Milango ikafungwa, chuma kikalia, na giza likanijia mpaka puani. Nadhani nilihesabu hadi nne. Kisha nikawasha tochi, kiwango cha juu.

Ilipendeza kweli. Niliona kila kona, kila msumari. Kuta hazina kutu, sakafu kavu, hakuna harufu. Nikagonga, nikafunguliwa, nikasema ni zima. La pili, vivyo hivyo. Mtu ametumwa kutafuta mwanga gizani, naye ameingia na mwanga wake mkononi! Ningecheka kama angekuwa mtu mwingine. Lakini wakati ule nilijiona mjanja, na nilishaanza kutunga sentensi za kuisifu tochi hapa.

Kontena la tatu lilikuwa limeshinda juani. Ndani kulikuwa kama tanuri la mkate. Nimefika katikati, tochi ikazimika. Nikabonyeza, kimya. Nikaitikisa, kimya. Ile karatasi ndogo iliyokuja na boksi nimeisoma jioni hii, na imeandikwa wazi kabisa kwamba tochi ikipata joto kali hujizima yenyewe ili isiungue. Nani husoma karatasi zile.

Nilifungua mdomo nimwite Da Mwanaisha anifungulie. Kabla sijatoa sauti, nikaona paani, upande wa kushoto, nukta tatu za mwanga, ndogo kama punje za mchele.

Kwa sekunde chache nilisahau kuogopa. Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Nikazungushia chaki nikiwa nimesimama kwenye ncha za vidole. Halafu furaha ikakatika, maana nilielewa kwamba nukta hizi nisingeziona kamwe kama tochi ingekuwa inawaka. Na makontena mawili nilikuwa nimeshayapitisha.

Nilipotoka, Da Mwanaisha alinitazama juu mpaka chini.

"Mama Mwende, mbona umerowa hivyo? Kwani waogelea humo?"

Bwana Kahindi naye alikuwa amefika. Nikamwonyesha zile alama tatu za chaki. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nina macho makali, na mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati. Niliuona mpini wa muhuri. Alikuwa ameshautengenezesha.

Nyuma yake wapakiaji sita walikuwa wanalijaza kontena la kwanza. Magunia yalikuwa yamefika nusu.

Ningeweza kunyamaza. Naliandika hili kwa sababu nilitaka kunyamaza, tena sana. Huenda yale mawili ni mazima, nilijiambia. Huenda hata mvua isiyanyeshee. Lakini fomu zile mbili zilikuwa mkononi mwangu, na nilijua kilichoandikwa humo si kweli.

"Bwana Kahindi," nikasema, "yale mawili ya kwanza sijayakagua. Niliwasha tochi ndani. Naogopa giza."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aligeuka akawaambia wapakiaji wateremshe magunia yote. Mmoja wao aliweka gunia chini, akajipangusa shingo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, leo tumekukosea nini?"

Da Mwanaisha alinyoosha mkono. "Hebu lete hiyo tochi yako." Nikampa. Akaitia mfukoni mwake, na kontena lilipokwisha kutolewa magunia, akanifungia milango.

Safari hii sikuwa na kitu mkononi ila chaki. Nilipofika hesabu ya tano hivi nikasikia kutoka nje, kwenye chuma cha mlango: ko, ko, ko. Kimya kidogo. Halafu tena, ko, ko, ko. Sikuwa nimemwomba. Aligonga hivyo hivyo taratibu mpaka nikafika mia moja, na nikagundua kwamba mtu akijua kuna mwenzake nyuma ya mlango, giza linabaki kuwa giza tu.

Kontena la kwanza halikuwa na tundu hata moja. Wanaume sita wametoa jasho bure kwa ajili yangu. Nimewaomba radhi mmoja mmoja, na kesho nitawapelekea mahamri, yale ya iliki.

Kontena la pili lilikuwa na tundu karibu na sakafu, kwenye ukingo wa kiraka, dogo kama punje ya pojo. Nililipitisha hilo asubuhi kwa tabasamu.

Bwana Kahindi aliingia akaliona kwa macho yake mwenyewe. Alipotoka aliniambia, "Muhuri utangoja wiki moja, Mama Mwende. Kwanza uzoee kiza." Nikasema sawa. Niliumia, sikatai, nilikwenda chooni nikakaa huko dakika mbili. Lakini nilipotoka nilikuwa mwepesi, na sikumbuki mara ya mwisho nilipojisikia hivyo nikiwa kazini.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tochi ni nzuri, nunua bila wasiwasi. Kwa nyumbani, kwa ngazi, kwa chini ya kitanda, hutajuta. Usiiache kwenye joto, na kanisani itoe mkobani. Kwa kukagua makontena, mpe mtu wa nje akushikie.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo moja bado linanizunguka kichwani.

Saa kumi, tukinawa mikono pale bombani, nilimuuliza Da Mwanaisha alijuaje kwamba kugonga kutanisaidia. Akacheka, akaangalia kama kuna mtu anayesikia.

"Wallahi, mimi hicho kiza sijakizoea mpaka leo," akasema. "Nikifungiwa huwataja ndugu zangu kwa majina, wote tisa, toka mkubwa hadi kitinda mimba, kisha nawarudia. Watu hudhani nasoma dua."

Nikamuuliza ni nani huwa anamgongea yeye.

"Nani anigongee? Sijamwambia mtu."

Alisema hivyo kawaida tu, akikung'uta maji mikononi, kisha akanirudishia tochi yangu na kwenda zake kupanda gari la Jomvu.

Wiki mbili nimesimama nje ya milango ile, mgongo nimeuegemeza kwenye chuma, macho kwenye simu. Wiki iliyopita kuna siku aligonga kutaka kutoka, nami nikamalizia kwanza kujibu ujumbe. Sikuona ubaya wowote. Alitoka akitabasamu, akaniuliza kama nimeshakula.

Siku ile aliwarudia ndugu zake mara ngapi?

Kesho kuna makontena matano, na ni zamu yake kuingia. Simu itabaki ofisini. Nitagonga toka mlango unapofungwa mpaka atakaponiambia nifungue.