Mke wa Kalulimi Aliachwa Wapi?

Bibi yangu,

Nimekukasirikia. Tangu tukuzike hapa Mbebe nimekulilia vya kutosha, leo niache nigombe.

Unamkumbuka Kalulimi? Utamsahau vipi, na hadithi yake ulitusimulia kila tulipopukuchua mahindi, mvua ikituzuia kwenda shamba. Mwizi mzuri wa sura, mtamu wa maneno. Alichukua ng'ombe kwa mtemi wa mbali, akamwacha mkewe kule awe rehani, akaenda kula nyama na rafiki zake. Alipokamatwa akaimba, nasi tukaitikia, na mdogo wangu Tumpe akalia mpaka ukampangusa machozi kwa kaniki yako. "Msameheni jamani," ulisema, "moyo wake haukuwa mbaya."

Haukuwa mbaya! Alimwacha mtu, Bibi!

Sasa Yohana amerudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Ndiye yule mumewe Tumpe, aliyemwacha Ibaba alime mashamba ya wakwe miaka yote ile bila hata salamu, mpaka tukaenda kumchukua amekonda. Amerudi na koti na gitaa. Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Baba amemchinjia jogoo. Mimi nikinuna naambiwa nina roho ngumu. Na Tumpe anafunga mizigo arudi Ibaba, ilhali Yohana mwenyewe anasema baada ya mavuno ataondoka tena. Nilipomwuliza Tumpe kama amesahau, akanijibu, "Dada, hata Kalulimi Bibi alimhurumia."

Nilitamani uwepo nikuulize mbele yake.

Jana nikasimulia mimi. Nilipofika pale mke anapoachwa, sikusonga mbele. Nikaeleza alivyowatekea watu maji, alivyokula ukoko, alivyotazama njia. Watoto walidai wimbo, nikawanyima. Tumpe akaacha kupukuchua. "Kisha huyo mke akawaje?"

Sikujua. Hukutuambia kamwe, nasi hatukuuliza, tulikuwa tunamlilia mwizi. Inaniuma, Bibi, kwa sababu ulikuwa na huruma kuliko wote nyumbani, na yote ukaimwaga upande mmoja.

Mizigo bado iko mlangoni. Yohana anakuja kumchukua Jumapili baada ya ibada.

Pumzika, Bibi. Wimbo wa Kalulimi siufuti, ni mtamu kweli. Lakini nakuahidi, kabla ya Jumapili nitasimulia tena, nimtoe yule mke kwa mtemi, nimrudishe kwao, hata kwa miguu.

Mjukuu wako