Barua za Mama Asenath

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke nyumbani, kijijini Wema, kichwa chako kikiwa mkononi mwa Baba.

Nyumba nyingi hapa zina karatasi yenye mwandiko wako. Watu hawakuona harusi imeiva mpaka uandike kadi za mwaliko, kila herufi imesimama wima, na pembeni umechora suke la mpunga. Katika darasa lako la gumbaru watu wazima walijifunza kuandika, Baba akiwa mmoja wao. Nasi wanao, ingawa simu tunazo, kila mwezi ulitutumia barua kwa basi kutoka Garsen. Ulisema maneno ya simu mtu huyasahau kabla hajala chakula cha mchana.

Lavender, kitinda mimba wako, ndiye aliyeanza kushuku. Barua ya Februari ilimfikia Malindi kwa mwandiko ule ule, lakini hukumuuliza kifua chake kinaendeleaje, nawe hukuwahi kuacha kuuliza. Akaiinua dirishani. Chini ya wino aliona alama za penseli iliyofutwa. Tangu lini Mama akaanza na penseli? Akampigia kaka yake Silas, aliyeko Hola.

"Mara ya mwisho umesikia sauti ya Mama lini?"

"Si juzi tu ameniandikia?"

"Nimeuliza sauti, Silas."

Kila walipopiga, Baba alikuwa na jibu: uko shambani, uko kanisani, umelala. Lavender akaanza kumwogopa baba yake mwenyewe. Alifikiri labda umeshazikwa, na kuna mtu anayeandika kwa jina lako.

Aliingia Wema saa sita mchana bila kumwarifu mtu. Baba alikuwa mezani, penseli mkononi, barua zako za zamani amezitandaza mbele yake.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani. Keti kwanza, mwanangu."

Hakuketi. Alikukuta kitandani, mkono wa kulia umelala kama si wako, mdomo umekwenda upande. Kiharusi kilikupata tangu Oktoba.

"Alinikataza nisiseme," Baba alisema akiwa mlangoni. "Anaionea aibu sauti yake. Ananitajia maneno polepole, mimi naandika. Natanguliza penseli nisije nikamharibia mwandiko."

Lavender alirudi mezani kwa hasira, akaishika barua aliyokuwa akiiandika Baba. Mistari ya juu ilikuwa maneno yako: mimi ni mzima, msiwe na wasiwasi. Chini yake Baba alikuwa ameongeza kwa wino mtupu: "Lavender, njoo nyumbani. Mama yako anakuhitaji."

Akaketi sakafuni, akalia.

Alikaa nawe siku zako kumi na tisa za mwisho, akakuosha, akakulisha uji, akakusikiliza. Hakuna neno lako lililompita. Lakini ile miezi minne uliyotuficha bado hajakusamehe kabisa, Mama, nasi hatumlazimishi.

Mwezi uliopita Baba alituambia ana homa ndogo tu. Lavender hakungoja. Kesho yake alikuwa Wema, ameshika kipimajoto. Ilikuwa homa ndogo kweli.

Unakumbukwa na mumeo Hudson, wanao Silas na Lavender, mkaza mwanao Beryl, mjukuu wako Stacy, na wanafunzi wako wa Wema na Idsowe. Hatutakusahau, Mama, siku zote tutakazojaliwa.