Mpini Ameshindwa, Mpini Ameitwa

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana.
14 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Shikamoo uliyoniachia kwenye simu nimeipokea. Marahaba, ingawa uliitupa mbiombio kama mtu anayekimbia mvua. Hujambo huko? Kikohozi kimekuacha? Unakula chakula kilichopikwa, au bado ni mkate na chai ya rangi asubuhi, mkate na chai ya rangi jioni? Nijibu ukweli, mimi si Mama.

Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kila anapotumwa, akialikwa yanapona. Baba mgongo ndio ule ule, tena umezidi. Mimi na cherehani yangu tunaendelea kugombana, na mpaka leo inanishinda yenyewe.

Ningekupigia simu, lakini Mama angeninyang'anya, naye habari hii anaisimulia kuanzia mwisho kurudi nyuma. Kwa hiyo kaa vizuri usome.

Unajua kaka yako Mpini alikuwa kwenye yale mashindano ya tenisi ya wanaume, ya wachezaji wa kulipwa, upande wa mmoja mmoja. Wenye majina huingia moja kwa moja kwenye ratiba kuu. Wa saizi ya kaka yako huanzia kwenye mchujo. Baba alikuwa amemwekea sharti mbele yetu sote: akishindwa safari hii, raketi inatundikwa na yeye anaingia karakana moja kwa moja. Hakusema kwa ubaya. Mgongo wake haumruhusu tena kuinamia meza, na mbao hazijipigi randa zenyewe. Mpini akakubali bila kubisha, nami hapo ndipo nilipopata wasiwasi, maana yule hubisha hata akiambiwa kumekucha.

Basi, Jumamosi akashindwa mechi ya mwisho ya mchujo. Alirudi nyumbani, akala, akanawa mikono, akalala. Hakuna aliyethubutu kumwambia pole, ukimtoa Mama aliyemwambia mara zote alizopita mlangoni.

Baba hakujisifu. Lakini Jumapili nilimsikia akipiga mluzi huku akisafisha meza ya pili pale karakana, ile iliyokuwa imejaa makopo ya rangi. Mimi nikaambiwa nishone ovaroli. Nikashona, ya buluu, yenye mfuko wa misumari na mfuko wa penseli, na ninaapa nilikuwa nashona huku roho inaniuma, kana kwamba namshonea mtu nguo za kwendea jela.

Jumatatu Mpini akatangulia kiwanjani asubuhi, akidai anakwenda kuchukua raketi zake na kuaga wenzake. Akatuachia agizo moja: tukija kumchukua tumletee begi lake la nguo. Tukaenda na pikapu, Baba, Mama na mimi, ovaroli imekunjwa kwenye kiti, ili apitilize nayo kazini.

Tumeegesha tu, Mpini ndio anatusogelea, akatokea mama mmoja wa waandaaji, mwenye redio ya mkononi, anatweta. Mchezaji mmoja wa ratiba kuu amejitoa, kifundo cha mguu kimevimba. Nafasi yake inachukuliwa na mmoja wa walioshindwa kwenye mchujo, na jina lililotoka ni la Mpini. Kumbe wapo watu wa namna hiyo katika tenisi, wanaitwa walioshindwa wenye bahati! Na kumbe kaka yako alikuwa amekwenda asubuhi kujiandikisha kungoja hiyo bahati, bila kumwambia mtu. Nilipomtazama hakuwa na uso wa mtu aliyekuja kuaga.

Baba alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Samahani, mama. Huyu si alishindwa?"

"Alishindwa, mzee."

"Na mnamwita?"

"Tunamwita, mzee. Tena sasa hivi."

Niliona kabisa kwamba jambo lile limeingia kichwani mwa Baba na linatafuta pa kukaa.

Sasa sikia balaa. Mpini akafungua begi. Tupu. Mama, akijua mambo ya tenisi yamekwisha, alikuwa amefua kila kitu tangu alfajiri, na wakati huo bukta zote zilikuwa kambani nyumbani zikichuruzika maji. "Mwanangu, zilikuwa zinanuka," ndivyo tu alivyoweza kujitetea. Mpini alikuwa na fulana nyeupe na suruali ya kitambaa, na yule mama wa redio anatazama saa.

Mdogo wangu, unajua mimi mkasi hautoki mkobani. Nilichukua ile ovaroli, nikaikata kiunoni, nikaikata juu ya magoti, nikatoboa matundu ya mshipi. Mshipi akatoa Baba. Aliuvua pale pale kwenye maegesho, akabaki ameshika suruali yake kwa mkono wa kushoto, na hivyo ndivyo alivyoingia kutazama tenisi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mpini akaingia uwanjani na bukta ya fundi seremala. Mwamuzi aliitazama, akaitazama tena, akaona isiwe taabu. Na ngoja nikwambie, ule mfuko wa misumari unameza mpira wa tenisi bila shida.

Aliyepangiwa naye ni jamaa mrefu, mkono wake akiuinua wewe unaanza kumhurumia aliye mbele yake. Mpira anaouanzisha huuoni, unausikia tu ukigonga ukuta wa nyuma. Seti ya kwanza ilikwisha Mama bado anatafuta miwani. Alipoipata, jamaa akakosea mara mbili mfululizo, na Mama akapiga vigelegele. Mwamuzi akaomba watazamaji watulie. Mama akasimama akamjibu kwa adabu zake zote, "Sawa baba, tumesikia, endelea tu na kazi," na jamaa, aliyekuwa tayari ameurusha mpira juu, akaupiga kwenye wavu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Seti ya pili Mpini akabadilika. Alikimbilia mipira ambayo mimi ningeiaga kwa mkono. Nilikuwa namwona kila siku akibeba raketi, akirudi amechoka, akijipaka dawa magotini, lakini sikuwahi kujua kwamba ndicho anachokwenda kufanya. Alipoichukua seti ile uwanja mzima ulisimama. Baba naye akasimama, akapiga makofi kwa mikono miwili, kisha akakaa haraka kuliko mtu yeyote pale. Walioketi nyuma yetu watasimulia wenyewe.

Ya tatu akashindwa, kwa pointi za kuhesabu. Walipopeana mikono kwenye wavu, yule mrefu alimwuliza bukta ile inauzwa duka gani. Mpini akanyoosha kidole nilipokaa, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Tukarudi nyumbani. Sharti ni sharti, na alishindwa, tena mara mbili katika shindano moja. Usiku ule sikumwangalia usoni.

Jumanne asubuhi Mpini akatoka chumbani mapema, amevaa nguo za kazi za zamani za Baba, penseli sikioni. Baba alikuwa keshawasha pikapu.

"Unakwenda wapi hivyo?" Baba akamwuliza. "Kavae nguo za mchezo. Wakikuita leo tena wakukose?"

Mpini akamweleza taratibu kwamba sasa imekwisha, kwamba ukishindwa ndani ya ratiba kuu huitwi tena. Baba akamwambia wewe Jumamosi ulinirudia hapa na uso wa msiba, kumbe hujamaliza, leo nikuamini vipi? Akaondoka peke yake. Kwa alivyomsimulia Mama, alikaa langoni kwa waandaaji mpaka jua kali, akimsumbua yule mama wa redio, mpaka mwenyewe akamwapia kwamba safari hii kweli huyu haitwi.

Akarudi mchana. Mpini alikuwa kwenye ile meza ya pili, anapiga randa mlango wa watu, vibaya. Baba akaichukua ile randa mkononi mwake.

"Shindano lingine ni Jumatatu, mji wa pili," akasema. "Nimewaambia utakuwepo."

"Na karakana, Baba?"

"Nitatafuta kijana. Wewe kafungashe." Akaanza kuinamia ule mlango, polepole, mkono mmoja kiunoni. Kisha, bila kumtazama, akaongeza, "Na ukishindwa huko, usiwe na haraka ya kuondoka."

Nililia, mdogo wangu, na sioni haya kukwambia.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Baba anakusalimu kwa kukohoa, nami nimekuandikia hapa. Mpini anakusalimu kutoka kwenye basi, na ile bukta amekataa kuiacha. Msalimie wifi yangu, kama yupo, na kama hayupo niambie pia. Mungu akulinde huko ulipo, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi akupendaye hata usipojibu,

Dada yako mkubwa