Jioni Alizorudi Tarraway

Kambini, kusini ya Wyandra,
Queensland.
14 Agosti 1988.

Mpendwa mdogo wangu Lorna,

Pokea salamu zangu nyingi, zenye vumbi na harufu ya farasi. Hujambo huko Halifax? Mgongo wa shemeji Gordon umepata nafuu? Kwenu sasa ni kiangazi. Huku kwetu asubuhi maji yanaganda kwenye ndoo. Mimi ni mzima, ila makalio yangu tusiyazungumze. Kaka Clem naye mzima, na ubishi wake ni uleule.

Najua uliniona nimerukwa na akili niliposema tutapanda farasi kutoka Augathella mpaka Bourke, kwa njia ileile ambayo Baba alikuwa akiswagia ng'ombe. Hata wanangu walisema hivyo. Lakini Clem tangu astaafu hapati usingizi chini ya paa, na mimi tangu Ron afariki nyumba imekuwa kimya mno. Tukatafuta farasi watatu, mmoja wa mizigo, tukaondoka.

Clem ndiye anayewasha moto na kuchemsha chai kwenye kopo. Mimi nafuata farasi. Usiku tunawafunga miguu ya mbele kwa mkanda wasiende mbali, lakini yule wa mizigo, Pudding, amejifunza kuruka kama kangaruu, na kila kukicha namkuta kwenye nyasi za watu. Namtafuta kwa kengele ya shingoni mwake. Nikiisikia ikilia ndani ya ukungu, Lorna, nakuwa mtoto tena, na nangoja Mama aniite nikanywe chai.

Mkate naoka kwenye majivu kama Mama, ila wangu unaungua chini. Clem anasema mkate huu hata mbwa wa Baba angeukataa, kisha anaongeza kipande na kumwagia asali.

Ng'ombe siku hizi wanasafirishwa kwa malori. Njia ya mifugo imebaki yetu na kasuku. Juzi dereva mmoja alisimamisha lori lake akachungulia.

"Mama, mmepotea?"

"Hatujapotea," Clem akamjibu. "Tumechelewa tu. Kundi letu limetutangulia miaka hamsini."

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nishike kalamu. Tumefika Tarraway, pale ulipozaliwa.

Unakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akitusimulia. Uchungu ulimshika njiani, Baba akamshusha kwenye nyumba ya ranchi pamoja na mimi, akageuza farasi akafuata ng'ombe, na Clem nyuma yake. Mama akazaa kwa watu asiowajua, akashikwa na homa, na Baba hakuonekana mpaka gari lilipokuja kutuchukua. Mama hakumsamehe. Wala wewe hukumsamehe, na mimi sikukulaumu hata siku tuliyomzika bila wewe kuwapo.

Mwenye nyumba sasa ni Bi Iris Cobden. Enzi zile alikuwa msichana wa jikoni. Baadaye akaolewa na mtoto wa bosi. Alitukaribisha chai, na Clem alipotaja jina la Baba, akaweka birika chini.

"Vin Mulcahy? Yule wa ngazi za jikoni?"

Tukatazamana. Akatueleza kwamba Baba alikuwa anarudi. Kila jioni, ng'ombe wakishatulia na sisi watoto tukishalala, aliwaachia vijana wake zamu akaja kwa farasi, akaketi kwenye ngazi za nyuma na kofia mkononi. Mkunga hakumruhusu aingie na uchafu wa njiani kwa mgonjwa mwenye homa. Iris alimpa chai. Akiambiwa Mama anapumua vizuri, anaondoka awahi kundi kabla ya alfajiri. Jioni moja Iris alikutoa nje umefungwa kwenye taulo. Baba alinawa mikono kwenye pipa mara mbili, akakupakata mpaka chai ikapoa.

"Kwa nini hukumwambia mama yetu?" nikamuuliza, na nadhani sauti yangu ilikuwa kali.

"Aliniapisha, mwanangu. Mkuu wa msafara aliyeacha ng'ombe wa watu usiku angefukuzwa papo hapo, na asingepewa kazi tena kwenye ranchi zote za mto huu. Nikadhani atamwambia mwenyewe siku moja."

Hakumwambia. Wewe unamjua Baba. Maneno yalikuwa yanamkwama. Au labda alipoona Mama ameshamkasirikia, aliona ni kama kujitetea. Sijui.

Clem akasema, "Kumbe ndiyo maana Tansy alikonda." Tansy ni yule farasi jike mwekundu wa Baba. Clem anakumbuka alivyofika Cunnamulla mbavu nje, akichechemea, na watu wa mjini wakimcheka Baba kwamba hajui kutunza farasi.

Fikiria, Lorna: ng'ombe walikuwa wanasonga mbele kila siku. Kwa hiyo kila jioni njia ya kurudi kwako ilikuwa ndefu kuliko ya jana.

Clem alitaka kuijua. Anakikumbuka kisima kundi lilipolala jioni ya mwisho kabla gari halijatuchukua, kwa sababu alitumbukia ndani ya hodhi lake. Jana tuliondoka kwenye ngazi zile za jikoni jua likichomoza, tukaenda kwa hatua za kizee, si mbio kama Baba, bila kupumzika isipokuwa kunywesha farasi. Tulifika kisimani jua linazama. Clem alishuka, akalala chali kwenye nyasi na kofia usoni. Nilipomletea maji niliona analia.

"Na yeye alikuwa ameshinda kutwa juu ya farasi kabla hajaanza," akasema. "Kisha anageuza, anarudi tena."

Nikakaa karibu naye.

"Mwandikie Lorna," akasema. "Mwambie ni mbali. Mwambie ni mbali sana."

Nisalimie Gordon, na Fiona na mumewe, na umbusu Ewan mdogo kwa niaba ya bibi yake na babu yake wa huku. Bi Iris anasema ulikuwa na nywele nyingi nyeusi. Mungu akulinde, na akulainishie moyo kama alivyolainisha wetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye kutoka njiani,
Bev